Ahadi ya Kocha ni Deni la Nani?

Kwa zaidi ya miaka 50 vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa vikiwaita wakimbiaji wa Kenya. Mwaka 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Basi kijana wa Iten akiambiwa na kocha wa huko, "Nafasi yako ipo," huamini kwamba amekwisha pata.

Lakini kocha hupendekeza tu. Anayekubali au kukataa ni ofisi ya chuo, baada ya kupima alama za masomo. Kijana hungoja miezi, na pengine amekwisha kataa chuo kingine kwa ajili ya neno lile. Twajua ahadi ni deni. Je, atalilipa nani, ikiwa aliyeahidi hana mamlaka ya kutimiza?

Sisi tuliongoja matokeo pamoja na wanafunzi wengi twaona hivi: kocha aseme "Nitakuombea nafasi," asiseme "Umepata." Naye kijana asifunge mlango mwingine kwa haraka, amweleze kila kocha ukweli wote, kisha arudi vitabuni. Mwaka wa kijana aliyengojeshwa bure haulipiki.