Gia Boksi Iliyoshushwa Bure

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alikuwa na Toyota Mark II, GX90 ya mwaka 1995, otomatiki, injini ya silinda sita. Alilitunza gari lake vizuri, na kwa miaka mingi halikumsumbua. Kisha likaanza kisirani. Asubuhi lilikuwa zima kabisa. Likifika Pongwe, njia ya Muheza, injini na bomba la ekzosi vimeshapata moto, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ilianza kuwaka na kuzima, na kila akisimama na kutaka kuondoka tena, gari lilikuwa zito kana kwamba linavuta tela la mawe. Akilizima likapoa, ugonjwa unatoweka.

Alipolipeleka gereji, fundi alilizungusha mtaa mmoja tu, akatoa hukumu: "Mwalimu, gia boksi imekwisha. Klachi za ndani zimeungua." Betri ikachomolewa usiku kucha, eti kompyuta ijirekebishe. Wiki iliyofuata boksi ikashushwa, ikafungwa nyingine ya mtumba kutoka Japani, kwa fedha ambazo Mwalimu alizikopa kwenye SACCOS yake.

Safari ya kwanza, taa ikawaka palepale Pongwe.

Hapa inafaa tusimame, kwa sababu kila dalili aliyoieleza mzee huyu ilikuwa inakanusha maneno ya fundi. Klachi za gia boksi ya otomatiki zikiungua, hazipoi zikapona. Zikianza kuteleza, unakanyaga mafuta, raundi za injini zinapanda, gari halichukui kasi inayolingana nazo. Oili nayo hugeuka nyeusi na kutoa harufu ya kuungua. Kijiti cha oili kingechomolewa injini ikiwa inaunguruma na gari limeshapata moto, jambo la dakika moja, wangeona oili nyekundu na safi. Hakuna aliyekichomoa.

Halafu kuna ile taa. O/D OFF ikiwaka bila kukatika, maana yake dereva amezima overdraivu kwa kitufe. Ikiwaka na kuzima yenyewe, kompyuta inalalamika kwamba kuna hitilafu kwenye nyaya, sensa au solenoidi, yaani zile vali ndogo zinazovutwa kwa umeme kufungua na kufunga njia za oili ndani ya boksi. Na kompyuta hailalamiki hivihivi, huandika namba. Kwenye Toyota za umri huo huhitaji hata mashine ya kupimia. Chini ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga starta, kitufe cha overdraivu kikiwa hakijazimwa, kisha unahesabu mimweko ya taa. Ikimweka upesi mfululizo, hakuna kosa lililoandikwa. Sita, ikapumua, halafu mbili, hiyo ni 62: mkondo wa solenoidi namba moja. 63 ni wa namba mbili. 42 na 61 ni sensa za mwendo.

Sasa fikiria kilichofanyika betri ilipochomolewa. Kumbukumbu yote ilifutika. Ushahidi uliokuwa umeandikwa ulitupwa na mtu aliyekuwa anautafuta ugonjwa, na hili linanikera kuliko hata ile boksi, kwa kuwa gereji nyingi hulifanya kila siku zikidhani zinatibu.

Fundi umeme aliyeitwa baadaye, kijana mpole, alianza na swali. "Shikamoo Mwalimu. Kabla ya ugonjwa huu, gari lilishikwa wapi mara ya mwisho?" Mzee akafikiri. "Bomba la ekzosi lilitoboka, nikalichomelesha." Kijana akaomba waende nalo hadi taa iwake, na ilipowaka akahesabu mimweko: sita, mbili.

Akalipandisha kwenye stendi, akangoja bomba lipoe lisimchome, akachomoa soketi ya nyaya ubavuni mwa boksi. Multimita ilionyesha solenoidi ina omu 13. Kwenye Toyota nyingi za aina hii inatakiwa iwe kati ya 11 na 15. Kwa hiyo solenoidi ilikuwa nzima. Akahamia upande wa pili, kwenye waya unaotoka kwenye kompyuta, akapima kati yake na bodi huku akiutikisa waya kwa mkono. Mita ikaporomoka karibu na sifuri.

Mchomeleaji alikuwa amefungua kishikizo cha nyaya ili apate nafasi, na hakukirudisha. Nyaya zikalalia bomba. Plastiki ikayeyuka upande mmoja, na bomba lilipotanuka kwa moto, shaba ikagusa chuma. Kompyuta ikaona umeme unavuja, ikakata mkondo wa solenoidi hiyo ili yenyewe isiungue, na bila solenoidi namba moja gari liliondoka na gia ya tatu badala ya ya kwanza. Huo ndio ulikuwa uzito wote. Boksi ingebadilishwa hata mara tatu, waya ungebaki palepale, kwa sababu ni waya wa gari, hauji na boksi.

Kipande kile kilikatwa, kikaungwa kwa risasi ya kuchomelea, kikavalishwa soksi ya kuzuia joto, na kishikizo kikarudishwa kwenye bolti yake. Walikwenda Muheza na kurudi, taa haikuwaka. Mwalimu akaenda gereji ya kwanza kudai boksi yake ya zamani, akaambiwa ilishafunguliwa na kuuzwa vipande. Hii ya mtumba inashtuka kila ikiingizwa rivasi, na makato ya SACCOS hayajaisha.