Ruhusa ya Kutotazama Pembeni

Ufukweni Palma, nilikokulia, mbio hazina kombe. Mashua zinaporudi asubuhi kutoka kuvua, inayotangulia kufika ndiyo inayouza kwa bei nzuri, kwa sababu barafu ya wachuuzi haitoshi wote na masanduku yao yakijaa wanaondoka. Mjomba wangu alikuwa nahodha, na nilipokuwa mtoto hakuna aliyemshinda kuusoma upepo. Asubuhi moja, akiwa mbele ya wenzake, aliona ngalawa imepinduka na watu wawili wameing'ang'ania. Hakugeuza. Alijua nyuma yake zinakuja mashua tatu. Ya pili iliwaokoa, hakuna aliyekufa, na mjomba akauza samaki wake wote. Lakini mpaka leo, habari hiyo ikitajwa barazani, yeye huinuka akatoka.

Je, mjomba alikosea? Nimewauliza wenzangu darasani na wengi wamesema hapana: hakuna aliyepata madhara, na wa kusaidia walikuwepo. Mimi sikuridhika. Katika kutafuta jibu nilikutana na habari za rubani mmoja aliyeishi Kenya karibu miaka mia iliyopita, akashindana katika anga. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yana mambo yote mawili, mbio na uokoaji.

Huyu ni Tom Campbell Black, Mwingereza. Mwaka 1929 alikuwa pamoja na Florence Kerr Wilson katika kuanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mjini Nairobi, akawa rubani wake mkuu. Ndiye pia aliyemfundisha Beryl Markham kurusha ndege. Wakati huo rubani wa Afrika Mashariki hakuwa na taa za kumwongoza wala redio ya kutegemea. Alisoma mito na vilima kama nahodha wetu anavyosoma rangi ya maji juu ya mwamba, na alitua popote palipo tambarare. Mwaka 1931 rubani maarufu wa Ujerumani, Ernst Udet, alikwama na ndege yake kwenye mabwawa ya Nile, kusini mwa Sudan. Campbell Black aliruka kumtafuta, akampata. (Udet huyo baadaye akawa mkubwa katika jeshi la anga la Hitler. Lakini sidhani kama mtu aliyekwama kwenye tope huulizwa kwanza atakuja kuwa nani.)

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Oktoba 1934, rubani huyohuyo alikuwa na mwenzake C.W.A. Scott katika mashindano makubwa ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia. Zawadi ya mshindi ilikuwa pauni 10,000. Walifika wa kwanza kwa muda wa saa 71 hivi, injini moja ikiwa imewasumbua juu ya bahari kabla ya Australia. Katika mashindano hayo marubani wawili wa ndege nyingine walianguka Italia wakafa. Vitabu vinamkumbuka Campbell Black kwa saa 71 hizo. Habari ya mabwawa huja baadaye, ikija. Wakati ujuzi ni uleule: kuona mbali, kuamua haraka, kutua pabaya.

Basi mbio zinabadilisha nini? Nadhani mbio ni ruhusa. Siku za kawaida ni aibu kumpita mtu aliye taabani bila kumtazama. Tunapoanza kushindana tunakubaliana kwamba aliyeachwa nyuma ameachwa, na asilaumiwe aliyemwacha. Bila ruhusa hiyo hakuna mashindano, na mimi siyapingi mashindano. Hata ile methali ya haraka kukosa baraka hainishawishi sana. Mama mwenye uchungu anayepelekwa hospitali anaihitaji haraka hiyo. Ninachosema ni kwamba ruhusa hii inahusu kushindwa kwa mwenzako. Haihusu kuangamia kwake. Tatizo ni kwamba mipaka hiyo miwili haionekani vizuri kwa mtu aliye mbele, ambaye ameizoeza akili yake yote kutazama mbele.

Hapo ndipo hoja ya wenzangu inapoanguka. "Wa nyuma watasaidia" ni hoja ambayo kila mmoja anaweza kuitumia isipokuwa wa mwisho. Kwa hiyo tukiikubali, wajibu wa kuokoa unateremka kutoka kwa mshindi hadi kwa aliyekwisha kushindwa. Yule mwenye chombo kibovu kuliko vyote, aliyepoteza bei tayari, ndiye tunayemtwisha pia utu wa kundi zima. Sioni haki katika jambo hilo.

Wapo waliolishughulikia tatizo hili vizuri kuliko sisi. Kanuni za kimataifa za mashindano ya mashua, katika sehemu yake ya kwanza kabisa, zinamtaka kila mshindani atoe msaada wote anaoweza kwa mtu aliye hatarini. Mwaka 1988, katika Olimpiki ya Seoul, Mkanada Lawrence Lemieux alikuwa wa pili katika mbio mojawapo za mashua alipowaona mabaharia wa Singapore wamepinduka. Aligeuza, akawaokoa, wenzake wakampita. Waamuzi wakamrudishia nafasi yake ya pili. Watu humsifu Lemieux, na anastahili, lakini mimi nawasifu zaidi waamuzi. Walihakikisha wema haumgharimu mtu zaidi ya inavyolazimu. Palma hakuna mwamuzi wa namna hiyo. Mjomba angegeuza, barafu ingekwisha, samaki wangeharibika, na hakuna mchuuzi ambaye angemrudishia nafasi yake. Ndiyo maana siwezi kumhukumu kwa kipimo kimoja na rubani anayetafuta sifa. Umaskini unapunguza lawama. Kwamba unaiondoa yote, hilo mjomba mwenyewe halikubali, ndiyo maana hutoka barazani.

Campbell Black hakuishi kushindana tena. Septemba 1936 alikuwa akijiandaa kwa mbio za kutoka Uingereza hadi Johannesburg. Akiwa bado ardhini katika uwanja wa ndege wa Liverpool, ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua iliigonga yake, akafa. Mbio zilifanyika bila yeye. Ndege 9 ziliondoka, ikafika moja tu; nyingine ilianguka Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, ikaua watu wawili. Nimejiuliza kama kombe lile lilikuwa na thamani hiyo, na sina haki ya kuwajibia waliokufa. Walichagua wenyewe hatari yao. Watu wa ngalawa ile hawakuchagua chochote.

Nina sababu nyingine ya kuliandika jambo hili. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, familia yetu ilikuwa ufukweni pamoja na umati wa watu, tukingoja chombo cha kutupeleka Pemba. Mashua mbili zilitupita. Zilikuwa zimejaa na sizilaumu, zingesimama zingezama. Ya tatu nayo ilikuwa imejaa, lakini ilishusha tanga. Nahodha hakutuuliza sisi ni watu wa nani, alituambia tu tukae katikati na tusisimame. Mjomba alikuwa nasi. Yeye, nahodha wa miaka yote hiyo, hakutazama tanga wala upepo. Alikaa ameupa mgongo upande tuendako, anawahesabu waliobaki ufukweni, mpaka wakawa wadogo mno kuhesabika.