Maradhi Yasiyojulikana Sababu

Watu huuliza: Mtu akiugua, na matabibu wakashindwa kujua sababu, je, yafaa ajitafutie sababu mwenyewe ili nafsi yake itulie? Swali hili si la hospitali peke yake. Ni la itikadi na akhlaki pia. Na kwa kuwa limenifika mwenyewe, nimeona ni wajibu wangu kulijibu.

Huu ni mwaka wa tatu moyo wangu wapiga polepole. Moyo wa mtu mzima aliyetulia, kwa kawaida, hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika; wangu hupiga 44, na siku nyingine 40. Presha nayo haishiki mahali pamoja: asubuhi huwa 150 kwa 90, na jioni ikashuka hata 95 kwa 60, nikainuka kutoka katika sijida nikaona kiza. Madaktari wamenipima umeme wa moyo, wamenivika chombo kifuani usiku na mchana, wamepima damu na tezi ya shingoni, na wamezichungua dawa nilizokuwa nikitumia, kwani hizo nazo zaweza kupunguza mwendo wa moyo. Hawakuona kitu. Mwisho daktari mmoja kijana akaniambia: "Sheikh, sababu yake siijui. Tutaendelea kukuangalia."

Nakiri kwamba neno lile lilinichukiza. Nilitaka anipe jina la ugonjwa.

Siku hizo hizo shangazi yangu, kwa mapenzi yake, alikwenda kwa mganga bila ya kunishauri. Mganga hakusema "sijui". Alipiga bao, akasema nimehusudiwa na mwanamke ambaye mlango wake waelekea wetu. Mlango huo ni mmoja tu. Tangu siku ile salamu zikapungua, na sahani ya futari iliyokuwa ikivuka njia kila Ramadhani ikakatika. Nami, niliyekaa darasani miaka mingi nikikemea ramli, siku moja nilimpita mama yule nikatazama upande wa pili. Hapana aliyeijua khabari hiyo ila Mola wangu.

Zingatieni, ndugu zangu. Aliyesema "sijui" hakumdhulumu mtu. Aliyesema "najua" alimsingizia mwanamke asiye na kosa, akakata ujirani, na juu ya hayo akalipwa. Sababu ya uwongo haikai bure. Hutafuta mtu wa kubebeshwa lawama.

Hatukanushi kwamba jicho la husuda lipo, wala kwamba majini wapo; hayo yamethubutu. Tunalokanusha ni kumnyoshea fulani kidole bila ya ushahidi. Katika Sura ya 17, Aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na ametujulisha kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Basi moyo wangu hautaulizwa ulipiga mara ngapi; utaulizwa ulimdhania nini jirani. Na wale wasemao, "Hayo ni madhambi yake," nao pia wadai elimu wasiyokuwa nayo. Nabii Ayyub (a.s.) aliugua, naye ni mja mteule.

Wanazuoni wetu walikuwa na adabu katika jambo hili. Imam Malik hakuona haya kujibu "sijui" katika masuala mengi aliyoulizwa. Na katika utabibu, Galen alidai kwamba damu hupenya ukuta wa kati wa moyo kwa vitundu visivyoonekana, na watu wakalifuata neno hilo karne nyingi. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, akasema ukuta ule hauna vitundu; damu hupitia mapafuni. Kumbe vitundu vile vilikuwa ni dhana iliyozibia pahali pa elimu.

Huenda mtu akasema: Kukubali kutojua ni kukata tamaa. La. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na ametufahamisha kwamba kila ugonjwa una dawa. Asemaye "sijui" kwa ukweli huendelea kutafuta. Ajidaiye kujua huwa amekwisha kutafuta.

Basi mwenye hali kama yangu ahudhurie miadi yake, aandike vipimo vyake daftarini, asiache wala asianze dawa kwa shauri la barazani. Akizimia, au kifua kikimbana, au pumzi ikimwishia, asingoje asubuhi. Asiyeweza kusimama na asali ameketi, kama alivyoelekezwa Imran bin Husayn (r.a.). Aliyeambiwa na tabibu mwaminifu kwamba saumu itamdhuru, na ale, wala asione haya mbele ya watu. Mimi mwenyewe nimemwachia mwanafunzi wangu kusalisha tarawehe.

Na aliyemdhania mtu vibaya na akamkata, na amwendee. Nilikwenda na mke wangu, tukapiga hodi, nikamweleza mama yule yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema amenisamehe. Lakini sahani ya futari bado haijavuka njia, na shangazi yangu bado hajaenda.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe ujasiri wa kusema "sijui" katika tusiyoyajua.

Wallahu aalam.