Shaka ya Askari Ina Uzito Gani?

Katika kisa anachokisimulia Imam Ghazali, Khalifa Umar bin Khattab alisikia usiku, mjini Madina, sauti zilizomtia shaka kutoka nyumba ya mtu. Akaruka ukuta, akakuta alichokishuku: mwanamume, mwanamke na pombe. Yule bwana hakutahayari. Alimjibu kwamba yeye amekosa mara moja, Khalifa mara tatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, wala hakutoa salamu. Umar akamwacha.

Shaka ya Umar, kumbe, ilikuwa ya kweli. Pombe ilikuwepo, ila haikuhalalisha kuruka ukuta. Aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat inakataza kupelelezana, na haimsamehe mpelelezi kwa kuwa amebahatika kupata kitu.

Mahakama za leo zina mtihani huohuo. Oktoba 1963, mjini Cleveland, Marekani, kachero Martin McFadden aliwaona wanaume wawili wakipokezana kupita mbele ya duka, wakichungulia dirishani, wakirudi kunong'onezana. Akashuku wizi wa mabavu. Alipoulizwa baadaye nini hasa kilimvuta macho, hakuweza kukitaja. Alikuwa kazini miaka 39, na watu wale hawakumkalia sawa. Alimpapasa mmoja wao, John Terry, juu ya koti, akagusa bastola. Mwenzake naye alikuwa nayo.

Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimuunga mkono kachero, majaji 8 kwa 1. Ilikubali kwamba kumsimamisha mtu na kumpapasa kutafuta silaha kunahitaji shaka yenye mashiko tu, si sababu za msingi zinazotakiwa kwa kumkamata. Jaji William Douglas alipinga: iweje askari wa barabarani apewe uwezo ambao hata hakimu hana, maana hakimu hatoi hati bila sababu hizo?

Bastola zimeifanya hukumu hiyo ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Palikuwa na mtu wa tatu. Alipapaswa vilevile, hakukutwa na kitu, na bado akapakiwa garini hadi kituoni. Shaka iliyomgusa yeye ndiyo iliyomgusa Terry, kwa hiyo uhalali wake upimwe kwa kile askari alichokijua kabla hajanyoosha mkono.

Kwa msomaji wa Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa anayekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Ukishikwa, iulize mapema, kabla mifuko haijapekuliwa.