Ahadi Iliyoandikwa Karatasini

Mtu akiuza kahawa yake akapewa noti, amepokea kitu gani? Karatasi hailiwi, haivaliwi, wala haizai kama mbuzi. Alichopokea ni ahadi, tena ya mtu asiyemjua. Basi yatupasa kuuliza: nguvu ya ahadi yatoka wapi?

Na tuyatazame mambo ya nchi yetu. Mwaka 1905 Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa noti zilizochapwa kwa ustadi mwingi. Ile ya rupia 5 ilikuwa na simba, ya rupia 10 ilionyesha bandari ya Dar es Salaam, na zile kubwa zilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Maandishi yake yalisema kwamba benki itamlipa kila ailetaye noti, bila kumwuliza yeye ni nani.

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani, hata noti mpya zisiweze kuja kutoka Ulaya. Tangu mwaka 1915 Wajerumani walichapa noti za muda humu humu nchini; na mwaka 1917 nyingine zilipigwa chapa kwa herufi za mpira, juu ya karatasi yo yote iliyopatikana. Kwa noti za namna hiyo walilipwa wapagazi na wenye vyakula, watu wasio na nafasi ya kuzikataa. Moshi ilitekwa na Waingereza mwezi wa Machi 1916. Na Tabora, ambako benki ilikuwa imehamia, ilitekwa mwezi wa Septemba. Rupia ya fedha ilibaki na fedha yake. Noti ilibaki karatasi.

Baadaye zilikuja noti za shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyowekwa mwaka 1919. Hizo zilikuwa na sura ya Mfalme George wa Tano. Lakini tegemeo lake halikuwa sura ile, bali akiba iliyowekwa London.

Huku mlimani wazee wetu walikuwa na jani la sale. Mwenye kosa alilipeleka kwa aliyemkosea, kuomba amani; na sale lililopandwa mpakani lilinena kwamba kihamba hiki kina mwenyewe. Sokoni jani hilo halina bei. Lakini lilikuwa na nguvu, kwa kuwa aliyelitoa na aliyelipokea walijuana, na majirani walikuwa mashahidi.

Labda mtu atasema, Aliyeandika noti zile alishindwa vitani. Ana hatia gani? Twajibu: kushindwa peke yake si hatia. Bali kuandika ahadi usiyo na cha kuilipa, kisha kumpa mnyonge asiyeweza kukataa, ni kumtwika mzigo ulio wako.

Jambo hili si la serikali na benki tu. Twaandikiana hati za madeni dukani. Twaahidi ng'ombe za mahari. Twamwambia kibarua, Njoo mwisho wa mwezi. Ahadi ni deni. Kabla ya kutia sahihi, tutazame kwanza ghalani. Na zaidi tujihadhari tunapomwahidi yeye asiye na njia ya kutudai.