Mbuzi ya Kukunia Nazi

Mwanangu, baba yako ameshakupa nasaha za pesa na za wezi wa stendi. Wiki ijayo unaiacha Songea unakwenda kuanza kazi Dar es Salaam. Mimi shangazi yako nina neno kuhusu watu.

Nilifika Dar mwaka 1984, nikapanga chumba Buguruni, nyumba ya vyumba sita, uani bomba moja na choo kimoja. Bibi yako alinilea kwamba mtu wa heshima hagongi milango ya watu. Basi nikanunua kila kitu changu: jiko la mafuta ya taa, ndoo, hata ufagio. Nikirudi kazini nasalimia, nafungua kufuli, naingia, najifungia. Nilikaa hivyo miezi miwili nikijisifu moyoni kwamba simsumbui mtu. Hadi jioni moja nikawasikia watoto wa uani wakinitaja: "yule wa chumba cha mwisho." Jina langu hawakulijua.

Kilichonitoa ndani ni nazi. Mwenzangu wa kazini alitoka kwao Mkuranga akaniletea mbili. Sisi watu wa Ungoni na nazi wapi na wapi! Nilizigeuzageuza, mbuzi ya kukunia sina, mwisho nikajikaza nikagonga kwa jirani, bibi mmoja wa Kizaramo. Akanitazama toka juu hadi chini. "Kumbe na wewe hupungukiwa?"

Akanitolea mbuzi. Aliponiona nimeikalia kiupande kama niko kwenye benchi la kanisani, alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Akaninyang'anya kile kizio cha nazi, akaniketisha chini, akanifunza: unazungusha toka ukingoni kwenda ndani, usifike kwenye kifuu, tui litakuwa jeusi. Kesho yake alfajiri akamtuma mjukuu wake kwangu kuomba chumvi. Baadaye nilikuja kuona kopo lake la chumvi, limejaa hadi mdomoni. Alikuwa ananipa nafasi ya kurudi kuomba bila aibu.

Watakwambia nenda ukawe mkarimu, ugawe. Sikukatazi. Lakini mgeni anayegawa kila siku na yeye haombi kitu huwachosha wenzake. Wanaanza kumwona anajidai. Anza wewe kuazima. Azima ungo, uliza duka lenye unga mzuri, uliza zamu ya kununua umeme wa LUKU inakwendaje kabla hamjagombana gizani. Ila usichanganye kuazima ungo na kukopa hela. Atakayekuita "dada'angu" siku ya kwanza na siku ya pili akaomba umtumie kidogo kwenye simu, mwitikie salamu yake tu.

Halafu nenda kwa mjumbe wako ukajitambulishe, hata kabla hujahitaji barua ya serikali ya mtaa. Sisi tulijifunza hilo kwa hofu. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya nguvukazi, na asiye na uthibitisho wa kazi alikamatwa mjini akarudishwa kijijini. Kujulikana na balozi wa nyumba kumi ilikuwa kinga. Kwako wewe ni adabu, na siku ukiugua usiku utajua faida yake.

Msiba ukitokea mtaani, nenda. Usisubiri kumfahamu marehemu. Utaona turubai na wanawake wanamenya vitunguu. Chukua kisu ukae nao. Hapo mtu hakuulizi wewe ni nani mpaka sufuria ya kwanza imeiva, na akikuuliza kabila mwambie Mngoni. Kama yupo Mhehe, ataruka kukutania pale pale msibani, maana babu zetu walipigana vita vikali na sisi wajukuu tukaurithi utani. Usinune! Mrudishie. Mtani wangu wa kwanza mjini nilimpata kwenye kumenya vitunguu, na ndiye aliyesimamia harusi yangu.

Ukiulizwa Simba au Yanga, chagua moja. Zilianzishwa na vijana wa mjini, Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na mpaka leo mtu asiye na upande hana cha kuzozania kwenye kibanda cha chai.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni simu yako. Sisi tulikuwa na barua, ilichukua wiki, na katikati ya wiki ulilazimika kuzungumza na aliyepo. Wewe utatoka Kivukoni umechoka, upande mwendokasi hadi Kimara, ufunge mlango, na usiku wote uongee na rafiki zako wa huku Songea. Utakuwa umehamisha begi tu. Tupigie Jumapili. Siku nyingine kaa barazani, simu iache ndani.

Nimekufungia unga, dagaa wa Nyasa, sufuria mbili na mwiko. Dagaa ni wengi kuliko utakaowamaliza. Mbuzi ya kukunia nazi sikukuwekea, na sikusahau.