Adabu ya Mwenye Kumwuliza Shahidi

 

Ushahidi ni amana. Kila mtoto wa chuoni ajua kwamba mwenye kuuficha moyo wake umeingia dhambi, na kwamba kushuhudia uongo ni katika madhambi makubwa. Walakini liko swali ambalo wachache huliuliza: shahidi akisema neno lisilokuwa, naye hakukusudia uongo, bali neno lile alitiliwa kinywani na aliyemwuliza, je, dhambi yake ni ya nani?

Swali hili lina mahali pake hasa mjini Moshi, kwa kuwa huko ndiko iliko Shule ya Polisi Tanzania, na vijana wa bara na pwani hufunzwa uaskari chini ya mlima Kilimanjaro. Kijana aweza kujua kupanga safu na kushika bunduki, naye hajajua bado kuuliza. Kuuliza nako ni elimu, na kuna wajibu na haramu.

Na ichukuliwe mfano. Bibi mzee wa Kibosho, ambaye lugha yake ni Kichaga na Kiswahili chake ni cha sokoni, ameona watu wawili wakipita migombani jioni. Askari amwuliza: "Bibi, yule mwenye koti jekundu alishika panga mkono gani?" Bibi hakutaja koti wala panga. Lakini aliyeuliza ni mtu wa serikali, naye bibi ni mtu wa adabu, basi ajibu: "Wa kulia, mwanangu." Neno likaandikwa, bibi akatia kidole gumba. Na tangu saa ile yeye mwenyewe huliona panga lile kila akikumbuka.

Wala hii si dhana tupu. Mwaka 1974 huko Marekani, wataalamu Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu picha za sinema za magari yakipata ajali. Watu 50 wakaulizwa mwendo wa magari yalipogongana, na wengine 50 mwendo wake yalipopondana. Baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Wa kwanza, 7 walisema ndiyo. Wa pili, 16. Na kioo kilichovunjika hakikuwamo kabisa.

Mafakihi wa Kishafi hawakuona sinema, lakini jambo hili walilijua. Walimkataza kadhi kumtamkisha shahidi, na kumkaripia hata akili yake ikatawanyika. Na akiingiwa na shaka, awatenge mashahidi, amwulize kila mmoja peke yake ni wapi, ni lini, na ilikuwaje. Talkini husomewa maiti kaburini. Shahidi yu hai, hana haja nayo. Na katika aya ya deni, mwenye kudaiwa ndiye aliyeamrishwa kutaja, na mwandishi kazi yake ni kuandika kwa uadilifu. Mwandishi akitaja yeye, na shahidi akaitikia, aya imegeuzwa juu chini.

Atasema mtu: hayo mahakama huyaangalia. Ni kweli kwamba Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 hairuhusu wakili kumwuliza shahidi wake mwenyewe swali lenye jibu ndani yake, mpinzani akilikataa, ila kwa idhini ya hakimu. Lakini chumbani kwa mpelelezi hakuna mpinzani wala hakimu. Shahidi afikapo kizimbani amekwisha kutiwa rangi, na rangi ile yeye huidhani ni ngozi yake.

Kuhusu kupiga na kutisha, maneno hayahitaji kuwa mengi. Abu Daud amepokea kwamba watu walioibiwa mali waliwatuhumu wafumaji nguo, wakawapeleka kwa sahaba Nuuman bin Bashir. Akawafunga siku kadhaa kisha akawaacha. Wenye mali walipolalamika kwamba hawakupigwa, aliwaambia kwamba akitaka mtu wapigwe atawapiga. Lakini mali isipotokea, mapigo kama yale atayarudisha migongoni mwa walioshitaki.  Na katika Tanzania, Alhaji Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977, kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa askari wapelelezi huko Mwanza na Shinyanga. Yeye hakupiga mtu, walakini aliubeba mzigo. Na mwaka 1985 watu wakamfanya Rais.

Lililo gumu zaidi ni hila. Wako wasemao yajuzu kumwambia shahidi, "Mwenzio amekwisha sema yote," hali hakusema, maadamu haki itatokea. Na hoja yao ni Nabii Suleiman, aliyeagiza kisu ili ajue mama wa mtoto. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini na itazamwe vyema: Nabii Suleiman hakumtilia neno yeyote katika wale wanawake wawili, wala hakuwaambia kwamba limetukia lisilotukia. Aliweka jambo mbele yao, akaacha kila mmoja aseme la moyoni mwake. Mwenye kusema "mwenzio amekwisha sema" ameleta habari ya uongo, na shahidi mnyonge ataifuata habari ile kama kondoo.

Uingereza, baada ya watu kufungwa kwa maungamo ya uongo, askari walianza mwaka 1992 kufunzwa njia nyingine: kujitayarisha, kumweleza mtu sababu ya kuitwa, kumwacha asimulie mwenyewe pasi na kukatwa, ndipo waulize. Kwa mtu mwenye haraka, kunyamaza huku ni kuzito kuliko gwaride.

Basi bibi wa Kibosho na aulizwe: "Bibi, tusimulie ya jioni ile, tangu ulipotoka nyumbani." Ataanza na majani ya ng'ombe, na mzigo uliolegea kamba, na mfereji uliofurika, na jirani aliyemsaidia kujitwika. Askari atatamani kumkatiza. Asimkatize, maana jirani yule naye alikuwapo njiani, na hakuna aliyemjua mpaka bibi alipomtaja.